Ame, Zidi na K: majina yenye mtego kutoka Pemba

Kisiwani Pemba, Ame ni jina la mtu kama lilivyo Faki au Kombo. Ukiliita bandarini Mkoani atageuka mwenyewe, na hakuna atakayecheka. Ndiyo maana mtego alioutega Said Ahmed Mohamed mwaka 1995 hauonekani upesi. Katika tamthilia yake Amezidi, mafukara wawili wanaoota maisha ya anasa wanaitwa Ame na Zidi. Waite kwa pamoja, bila kuvuta pumzi katikati, na lawama nzima inakutoka mdomoni. Amezidi nani? Amezidi nini? Hilo ameachiwa mtazamaji. Mwandishi amekichukua kitenzi kimoja, akakipasua kwenye kiungo chake, kisha kila kipande akakivisha nguo na kukipandisha jukwaani.

Huyu ni mzaliwa wa Pemba, wa mwaka 1947, aliyekuja kufundisha hadi Osaka, Japani, na Bayreuth, Ujerumani. Lakini hakuwa wa kwanza kuyachezea majina.

Shaaban Robert alikuwa ameshapita njia hiyo, ingawa yeye hakuficha kitu. Katika Adili na Nduguze, ndugu hao wanaitwa Hasidi na Mwivu. Msomaji anajua mapema ubaya utatoka upande gani. Ni majina ya ngano, yanayotangulia mbele ya mwenyewe na kumtangaza. Yana raha yake, ila hayamwachii msomaji kazi.

Fumbo lilianza kukolea Unguja. Mwaka 1960 ilitoka riwaya Mzimu wa Watu wa Kale, na ndani yake mpelelezi mwenye kiko mdomoni, Bwana Msa. Wengi walimwona kuwa ni Sherlock Holmes aliyehamia Zanzibar, na kwa kweli udugu upo. Lakini jina halikutoka London. Mwandishi aliitwa Mohammed Said Abdulla. Chukua herufi za mwanzo tu. Kwa masikio ya pwani Msa ni Musa aliyefupishwa, jina la jirani yeyote, na kwa hiyo sahihi ya mwandishi ilikaa peupe bila kushukiwa, ndani ya hadithi za upelelezi!

Said Ahmed Mohamed aliupeleka mchezo kwenye sarufi. Mhusika mkuu wa Asali Chungu, riwaya yake ya miaka ya 1970, ni mtoto wa nje ya ndoa, na anaitwa Dude. Dude ni kitu kisichojulikana jina, tena kikubwa cha kuchukiza. Sasa msikilize msimuliaji: hawezi kusema Dude lilikuja, maana anamzungumzia mtu, itambidi aseme Dude alikuja. Jamii inamwita kitu, upatanisho wa kisarufi unamrudishia utu, na mvutano huo unajirudia kila kitenzi kinapomfuata. Pengine hakuna mhusika wa Kiswahili aliyetetewa na kiambishi kama huyu.

Katika Utengano, riwaya ya 1980 iliyowahi kusomwa sana katika shule za sekondari za Kenya, silaha ni kejeli. Maimuna, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mwenye baraka. Msichana huyo anafungiwa ndani na baba yake, kisha anatoroka na kuishia kwenye maisha ya ulevi. Baba ni Bwana Maksuudi, jina lenye ukoo mmoja na makusudi. Kwa hiyo visingizio vyake vyote havina pa kushika.

Tamthilia Kivuli Kinaishi ya 1990 inarudi nyumbani kabisa. Nchi yake ni Giningi, ambayo katika masimulizi ya Pemba ni makao ya wachawi, na mtawala wake ni Bi Kirembwe. Msomaji wa bara anaweza kuliona jina la kubuni tu. Mpemba anajua ameshaingizwa kwa wanga, na kwamba anayesemwa ni serikali.

Kufikia Babu Alipofufuka, mwaka 2001, jina limebaki herufi moja: K. Wahakiki hukimbilia kwa Franz Kafka, ambaye naye alikuwa na K wake, na hawajakosea. Lakini Said Ahmed Mohamed wa riwaya ndiye pia Said A. M. Khamis wa makala za kitaaluma, na msomaji aliyewahi kuchezwa shere na Bwana Msa ana haki ya kuitazama K hiyo mara mbili.