Msamaha wa Ada na Dawa ya Mzee

Baada ya Azimio la Arusha, mzee wa Kiha aliyeshuka vilima vya Kasulu au Kibondo kwenda zahanati ya serikali hakutozwa ada, ijapokuwa dawa yenyewe haikuwapo kila mara. Lakini uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza mwaka 1993, na Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa kwanza Igunga, ulipopata sheria yake mwaka 2001, mkulima akatakiwa kuchangia tiba yake. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliwasamehe wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Walakini orodha ya taifa ya dawa muhimu huzigawa dawa kwa daraja la kituo, na msamaha hauijazi stoo: ikikosekana dawa ya shinikizo la damu, mzee huelekezwa dukani kwa fedha zake. Kwa rai yangu, huo ni msamaha nusu.