Ukubwa wa Chuo na Jina la Chuo: Makerere na Vyuo Vikuu Vingine vya Uganda tangu 1922

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ingetutosha kama chuo kikuu kingekuwa embe sokoni, ambalo mnunuzi hulishika, akalinusa, akajua kama limeiva. Lakini mwanafunzi huchagua chuo kabla hajakionja, na mwajiri anayepokea maombi mia mbili hana muda wa kumchunguza kila mhitimu. Wote wawili hutazama jina. Jina la chuo basi hufanya kazi ya kuamua nani aitwe kwenye usaili na nani asiitwe. Ndiyo maana historia yake inafaa kuchunguzwa.

Insha hii inajadili uhusiano kati ya ukubwa na sifa za vyuo vikuu nchini Uganda. Hoja yangu ni kwamba jina la Makerere lilijengwa wakati chuo hicho kilipokuwa kidogo na kilipokuwa peke yake, na kwamba ukubwa wake ulikuja baadaye sana. Kwa hiyo, tunapolinganisha vyuo vya leo kwa majina, mara nyingi tunalinganisha urithi wa zamani na kazi ya sasa bila kutambua kwamba ni vitu viwili.

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 14 tu, wote wanaume, na walifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Baada ya muda mfupi yaliongezwa mafunzo ya utabibu, kilimo, mifugo na ualimu, kwa sababu serikali ya kikoloni ilihitaji wasaidizi wa kazi hizo. Mwaka 1937 tume iliyoongozwa na De La Warr ilipendekeza shule hiyo iwe chuo cha juu kwa ajili ya Afrika Mashariki yote. Mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha London, ambacho ndicho kilichotoa shahada. Mwaka 1963 ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Dar es Salaam. Hapo vitivo viligawanywa: sheria ilikuwa Dar es Salaam, uhandisi Nairobi, na udaktari Makerere. Muungano huo ulivunjika mwaka 1970, na kila nchi ikabaki na chuo kikuu chake.

Katika sehemu kubwa ya kipindi hicho, kijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika au Zanzibar aliyetaka elimu ya juu bila kuvuka bahari alikuwa na mlango mmoja tu. Julius Nyerere alipita hapo kati ya 1943 na 1945 akisomea ualimu. Mwai Kibaki alisoma uchumi na baadaye akafundisha hapo hapo. Milton Obote, Benjamin Mkapa na Ngũgĩ wa Thiong'o nao walipita. Hospitali ya Mulago, ambako madaktari wa Makerere walifunzwa, ndiko Denis Burkitt alikoeleza mwaka 1958 aina ya saratani ya watoto ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Hata Kiswahili kina deni huko. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ilikuwa msingi wa TUKI na sasa TATAKI, ilihamishiwa Makerere mwaka 1952 na kukaa huko miaka kadhaa kabla ya kurudi pwani.

Je, chuo hicho kilichokuwa na sifa kubwa namna hiyo kilikuwa na wanafunzi wangapi? Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa kama elfu moja tu, idadi ambayo shule moja ya sekondari ya bweni ya siku hizi inaweza kuifikia. Sifa yake basi haikutokana na ukubwa. Ilitokana na wembamba wa mlango. Chuo kilichochukua wachache kutoka nchi nne, wakiwa tayari wamechujwa mara nyingi njiani, kisingekosa kutoa mawaziri na marais, kwa sababu nchi zilipopata uhuru hazikuwa na wasomi wengine wengi wa kuwachagua.

Wembamba huo ulikuwa na waliobaki nje. Wanawake hawakuingia hadi mwaka 1945, walipodahiliwa sita, na ilibidi kaulimbiu ya chuo, iliyowahimiza wanafunzi wawe wanaume, ibadilishwe. Wasioandika kwa Kiingereza pia walibaki nje. Mwezi Juni 1962 Makerere ilikuwa mwenyeji wa mkutano mashuhuri wa waandishi wa Kiafrika, lakini ulikuwa mkutano wa wale wanaoandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ, aliyehudhuria akiwa mwanafunzi, alikumbusha baadaye kwamba Shaaban Robert, mshairi mkubwa wa Afrika Mashariki wa wakati ule, hakuwa na sifa ya kualikwa kwa sababu aliandika kwa Kiswahili. Shaaban Robert alifariki mwezi huo huo. Tunaposifu jina la zamani la Makerere, tukumbuke kwamba sehemu ya sifa hiyo ililipiwa na watu ambao hawakupewa nafasi.

Baada ya 1971 ulikuja mtihani mgumu. Idi Amin alipindua serikali na kujifanya mkuu wa chuo. Mwaka 1972 Frank Kalimuzo, makamu mkuu wa chuo, alichukuliwa na askari na hakuonekana tena. Wahadhiri wengi, wageni kwa wenyeji, walikimbia. Vitabu vipya viliadimika, maabara zikakosa vifaa, majengo yakachakaa. Hata hivyo, jina halikuanguka kwa kasi iliyoanguka nayo kazi ya kila siku darasani. Wazazi waliendelea kuota watoto wao waende Makerere. Hili linatufundisha kwamba sifa ya chuo husafiri kama mwanga wa nyota: tunauona leo, ingawa ulitoka huko siku nyingi zilizopita. Chuo kinaweza kudhoofika huku jina likiendelea kung'aa, na chuo kingine kinaweza kufanya kazi nzuri miaka mingi kabla jina lake halijasikika.

Ukubwa wa Makerere ulikuja katika miaka ya 1990. Hadi wakati huo wanafunzi wote walilipiwa na serikali, na serikali haikuwa na fedha za kutosha. Kuanzia mwaka 1992 chuo kilianza kupokea wanaojilipia ada, wengine wakisoma jioni. Idadi ya wanafunzi, iliyokuwa karibu 7,000 mwanzoni mwa muongo huo, iliongezeka maradufu kabla haujaisha, na katika miaka ya 2000 ikapita 30,000. Wanaojilipia wakawa wengi kuliko wanaolipiwa.

Wataalamu wametofautiana kuhusu mabadiliko hayo. David Court, aliyeandika mwaka 1999, aliyaona kama mapinduzi ya kimyakimya yaliyokiokoa chuo kilichokuwa karibu kufa. Mahmood Mamdani, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu wasomi sokoni, alionyesha upande wa pili: vitivo viligombania wanafunzi kama wachuuzi, kozi zikabuniwa kwa kufuata ada, na ubora ukashuka. Kwa maoni yangu, hoja zote mbili zina ukweli, ila zinapima vitu tofauti. Court alipima uhai wa chuo na Mamdani alipima kazi yake. Juu ya hayo lipo jambo la tatu: maelfu ya vijana ambao mfumo wa zamani ungewaacha mlangoni walipata shahada. Miongoni mwao walikuwamo wanawake wengi, waliosaidiwa pia na uamuzi wa mwaka 1990 wa kuwaongezea alama 1.5 wakati wa udahili.

Wakati huo huo Makerere iliacha kuwa peke yake. Kwa miaka mingi Uganda ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu. Mwaka 1988 kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Kiislamu mjini Mbale, kwa msaada wa Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, iliyopitisha wazo hilo katika mkutano wake wa Lahore mwaka 1974. Mwaka 1989 serikali ilianzisha Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Vikafuata Ndejje mwaka 1992, Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda huko Nkozi mwaka 1993 chini ya maaskofu wa Kikatoliki, na Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda huko Mukono mwaka 1997, kilichokua kutokana na chuo cha theolojia cha Askofu Tucker cha mwaka 1913. Gulu ilianza mwaka 2002 na Kyambogo mwaka 2003. Sheria ya mwaka 2001 ndiyo iliyounda Baraza la Taifa la Elimu ya Juu ili kusimamia vyuo hivi vyote.

Tukivipima kwa idadi ya wanafunzi na majengo, vingi kati ya hivi ni vidogo mbele ya Makerere. Lakini tukiuliza kila kimoja kilianzishwa kufanya nini, picha inabadilika. Mbarara ilianza na udaktari, tena kwa mtaala unaowapeleka wanafunzi vijijini wakajifunze magonjwa pale wagonjwa wanapoishi. Gulu ilifunguliwa kaskazini wakati vita vya waasi wa LRA havijaisha na watu wengi wa eneo hilo wakiishi kambini, na mwaka 2004 ikaanza kufundisha madaktari. Chuo kinachofunguliwa mahali watu wanapopakimbia hakiwezi kushindana kwa majengo na chuo cha mlimani Kampala. Kazi yake ipimwe kwa wahudumu wanaobaki kufanya kazi katika sehemu ambazo wengine hawataki kupangiwa.

Kyambogo inatupa mfano wa kinyume. Iliundwa kwa kuunganisha chuo cha ufundi, chuo cha ualimu na taasisi ya elimu maalumu. Kwa idadi ya wanafunzi ni miongoni mwa vyuo vikubwa kabisa nchini, lakini ukubwa huo haukuipa jina linalolingana nao. Sababu moja, nadhani, ni kwamba ualimu na ufundi ni kazi ambazo jamii yetu inazihitaji zaidi ya inavyoziheshimu. Hapa kuna kichekesho cha historia: Makerere nayo ilizaliwa ikiwa shule ya maseremala. Kadiri ilivyojitenga na randa na msumeno ndivyo jina lake lilivyopanda, na leo chuo kinachoendelea kubeba kazi ile ya mwaka 1922 kinatazamwa kama mdogo wake.

Wengine watasema kwamba siku hizi hatuhitaji kubishana, kwa kuwa kuna orodha za kimataifa zinazopanga vyuo kwa nafasi. Ni kweli kwamba katika orodha hizo Makerere kwa kawaida hutangulia vyuo vingine vya Uganda. Lakini orodha hizo hutegemea sana idadi ya makala za utafiti, mara nyingine ambavyo makala hizo hutajwa na wengine, na hata wingi wa maandishi ya chuo kwenye intaneti. Vipimo hivyo vinakifaa chuo chenye wahadhiri wengi na umri mrefu. Havisemi kama kazi za wanafunzi husahihishwa na kurudishwa.

Sitaki kueleweka kwamba sifa ya Makerere ni hewa. Utafiti wake katika tiba unajulikana duniani, maktaba yake ni hazina, na wahadhiri wengi wanaofundisha katika vyuo vipya walipata shahada zao hapo. Jengo lake kuu lilipoungua Septemba 2020, waliosikitika hawakuwa Waganda peke yao. Kwa maana hiyo vyuo vipya ni watoto wake, na mzazi hapimwi kwa kumdharau mtoto.

Jambo linalotuhusu sisi wanafunzi ni la haki. Mhitimu wa Mbale, Gulu au Nkozi anapokaa kwenye benchi moja na mhitimu wa Makerere akisubiri usaili, mmoja wao amebeba jina lililotengenezwa miaka mingi kabla hajazaliwa. Hakulifanyia kazi, na mwenzake hakulikosa kwa uvivu. Mwajiri anayeajiri kwa jina anaajiri mwaka 1962. Afadhali awape wote wawili kazi moja waifanye mbele yake. Na mwanafunzi wa kidato cha sita anayejaza fomu aulize maswali ambayo jina haliwezi kuyajibu: kozi hii ina walimu wangapi wa kudumu, darasa lina watu wangapi, mafunzo ya vitendo hufanyika wapi, na waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako wapi sasa. Takwimu hizo zikitolewa kwa kila kozi na kubandikwa hadharani, kwa Makerere na kwa vyuo vidogo sawasawa, basi chema kitaweza kweli kujiuza.