Mkutubi na kazi ya kusaka ushahidi wa kitaalamu

Mwezi Juni mwaka 2001, mwanamke wa miaka 24 aliyekuwa mzima wa afya alifariki dunia baada ya kujitolea kushiriki katika utafiti wa pumu kwenye Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, nchini Marekani. Alikuwa amevuta dawa iitwayo hexamethonium, na mapafu yake yakashindwa kufanya kazi.

Baadaye ilibainika kuwa makala za miaka ya 1950 zilikwisha kutaja madhara ya dawa hiyo kwa mapafu. Hifadhidata ya PubMed, ambayo mtafiti aliitumia, wakati huo ilianzia mwaka 1966, hivyo makala hizo hazikuonekana.

Tukio hilo lilidhihirisha kuwa kusaka maandiko ya kitaalamu ni kazi yenye ujuzi wake. Ujuzi huo ndio ambao wakutubi wa vyuo vikuu huuchangia katika utafiti unaojulikana kama mapitio ya kimfumo.

Mapitio ya kimfumo hukusanya tafiti zote zilizofanywa kuhusu swali moja, huzipima ubora wake na kutoa jibu la jumla. Taasisi mashuhuri katika fani hiyo ni Cochrane, iliyoanzishwa nchini Uingereza mwaka 1993.

Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2004 yalichunguza majaribio 22 ya vyandarua vilivyotiwa dawa, likiwemo lile la Kilifi, nchini Kenya. Yalionyesha kuwa vyandarua hivyo hupunguza vifo vya watoto kwa takriban moja ya tano.

Kazi ya mkutubi huanza kabla ya utafutaji wenyewe. Humsaidia mtafiti kulinyoosha swali: wagonjwa ni akina nani, tiba ni ipi, inalinganishwa na nini, na matokeo yanayotarajiwa ni yapi.

Hatua inayofuata ni kuchagua maneno. Kama ambavyo mtu mmoja husema chandarua na mwingine neti, waandishi wa makala za kitaalamu nao hutaja kitu kimoja kwa majina mengi. Mkutubi huyakusanya majina hayo, huyaunganisha kwa neno "au", kisha huyafungamanisha na majina ya ugonjwa kwa neno "na".

Utafutaji ukiwa mwembamba mno, tafiti muhimu hupotea. Ukiwa mpana mno, watafiti hukabiliwa na maelfu ya makala zisizohusika. Kupata kipimo kinachofaa huhitaji majaribio mengi.

Aidha, hifadhidata moja haitoshi. Mkutubi hupekua Medline, Embase na African Index Medicus, ambayo hukusanya maandiko ya afya kutoka barani Afrika. Hutafuta pia tasnifu, mada za mikutano na orodha za majaribio yaliyosajiliwa, kwa kuwa tafiti zisizo na matokeo ya kuvutia mara nyingi hazichapishwi.

Baada ya hapo huondoa makala zilizojirudia na kuhifadhi maandishi kamili ya utafutaji pamoja na tarehe zake. Mwongozo wa PRISMA wa mwaka 2020 unawataka waandishi wautangaze utafutaji wa kila hifadhidata, ili mtu mwingine aweze kuurudia na kuuhakiki.

Mwaka 2011, Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipendekeza kuwa watafiti washirikiane na mkutubi au mtaalamu wa habari aliyefunzwa kazi hiyo, na kwamba utafutaji ukaguliwe na mtaalamu mwingine.

Kikwazo kikubwa kwa vyuo vingi vya Afrika ni gharama ya majarida. Mpango wa Hinari, ulioanzishwa mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, huziwezesha taasisi za nchi zenye kipato cha chini kusoma majarida ya tiba bure au kwa ada nafuu. Wakutubi ndio huwafundisha watafiti namna ya kuutumia.

Hata hivyo, watafiti wengine humwendea mkutubi baada ya makala yao kurudishwa na jarida kwa sababu ya utafutaji hafifu. Wakati huo marekebisho huwa magumu, kwani tafiti zilizokosekana zikipatikana, hesabu zote hulazimika kufanywa upya na huenda jibu lenyewe likabadilika.