Maji ya Moto na Swali la Mwanafunzi: Kisa cha Nadharia Tete kutoka Magamba hadi Kigali

Utangulizi

Kila mwaka unapofika wakati wa wanafunzi wetu kuandika mapendekezo ya utafiti, swali moja huletwa mezani kwangu tena na tena: "Mwalimu, nadharia tete ni nini, nayo ina tofauti gani na nadharia?" Wengi hukariri ufafanuzi wa vitabuni, hupata alama zao, kisha huandika nadharia tete ambayo hakuna awezaye kuipima. Makala haya hayakusudii kuongeza ufafanuzi mwingine juu ya ule uliopo. Yanakusudia kusimulia kisa cha kweli kilichotokea katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki, kisha kuona kinatufundisha nini sisi walimu wa lugha.

Kabla ya kisa, tuliangalie neno lenyewe. Katika Kiswahili, punje za nafaka ambazo hazijakomaa huitwa tete. Ukizibonyeza kwa kidole hutoa maji. Nadharia tete, basi, ni wazo ambalo bado ni changa. Halijakauka wala halijawa gumu. Linangoja kubonyezwa ili ionekane kama litahimili. Aliyeliteua neno hili alilitendea haki.

Aiskrimu ya Magamba

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, wilayani Lushoto, Tanganyika, wanafunzi walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakayachanganya na sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaweka katika jokofu yagande. Nafasi katika jokofu ilikuwa finyu na wenye hamu walikuwa wengi. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, alimwona mwenzake akichanganya maziwa na sukari bila kuyachemsha na kuwahi kuyatia jokofuni. Mpemba naye, kwa kuhofia kukosa nafasi, aliyatia maziwa yake yakiwa bado ya moto.

Baada ya saa moja na nusu hivi walirudi kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito. Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia imekuwaje, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Mpemba alikubali jibu hilo kwa wakati ule. Lakini baadaye alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamweleza kwamba wao hutumia mchanganyiko wa moto kwa kuwa huganda upesi. Swali likaamka upya.

Tusimame hapa kidogo. Hadi hapo Mpemba hakuwa na nadharia tete. Alikuwa na tukio moja, tena lenye kasoro: maziwa yake yalichemshwa na ya mwenzake hayakuchemshwa, vyombo huenda havikulingana, mahali pa kuwekwa jokofuni huenda palitofautiana. Ushuhuda wa muuza aiskrimu uliongeza uzito, lakini ushuhuda si jaribio. Mwalimu angekuwa na haki ya kusema, "Ushahidi wako hautoshi." Alichosema ni kwamba jambo lenyewe haliwezekani, na hizo ni kauli mbili tofauti kabisa.

Mkwawa: swali lapata umbo

Baada ya kufaulu, Mpemba alipelekwa Shule ya Sekondari ya Juu ya Mkwawa, Iringa, mahali ambapo leo pana Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Huko alifundishwa kanuni ya Newton ya upoaji, akauliza tena swali lake. Mwalimu alimjibu kwa mzaha kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, kila alipokosea hesabu, darasa zima lilimkejeli kwamba hiyo ni hisabati ya Mpemba.

Wengi wetu tungenyamaza. Yeye alipopata maabara ya biolojia ikiwa wazi, alichukua vyombo viwili vidogo vinavyolingana, kimoja akakitia maji ya bomba na kingine maji ya moto, akaviweka pamoja kwenye sehemu ya kugandishia. Baada ya saa moja barafu ilikuwa nyingi zaidi katika kile kilichokuwa na maji ya moto. Linganisheni na siku ile ya Magamba. Sasa ni maji matupu, vyombo sawa na jokofu moja. Mpemba alikuwa ameanza kuondoa tofauti zisizohusika ili ibaki moja tu.

Ndipo akaja mgeni. Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, alitembelea shule hiyo kutoa mhadhara. Ulipofika wakati wa maswali, Mpemba alisimama, akaeleza kwamba ukichukua vyombo viwili vinavyofanana vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja kikiwa na nyuzijoto 35 na kingine 100, ukaviweka jokofuni, kile cha nyuzi 100 hutangulia kuganda. Akauliza kwa nini. Wenzake walicheka. Dkt. Osborne hakucheka. Alikiri kwamba hajui, akaahidi kulijaribu jambo hilo.

Ninapofundisha nadharia tete siku hizi, huwaandikia wanafunzi swali hilo ubaoni. Lina kinachobadilishwa, yaani halijoto ya mwanzo. Lina vinavyoshikiliwa visibadilike, yaani chombo, ujazo na jokofu. Lina kinachopimwa, yaani muda wa kuganda. Na juu ya yote linaweza kushindwa: chombo cha maji ya baridi kikitangulia kila mara, mwenye swali atakuwa amekosea na kila mtu atamwona.

Maabara ya Dar es Salaam

Osborne aliporudi chuoni alimwomba fundi wa maabara ajaribu. Fundi alileta taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio hadi wapate matokeo sahihi. Tunaweza kucheka, lakini fundi yule yumo ndani ya kila mtafiti. Ni mara ngapi tumesoma tasnifu ambayo hitimisho lake lilikuwa tayari kabla ya hojaji kusambazwa?

Majaribio yaliyofuata yalifanywa kwa uangalifu zaidi. Maji ya ujazo wa sentimita za ujazo 70 yaliwekwa katika vyombo vya aina moja, juu ya kipande cha povu gumu kinachozuia joto kupita chini. Kisha kila maelezo yanayowezekana yalipimwa peke yake. Je, ni kwa sababu maji ya moto hupungua kwa mvuke? Upungufu ulipimwa, ukaonekana ni mdogo mno. Je, ni kwa sababu ya hewa iliyoyeyuka ndani ya maji? Yakatumika maji yaliyochemshwa. Yalipofunikwa kwa utando wa mafuta, yalichelewa sana kuganda, dalili kwamba joto lilikuwa likitokea zaidi upande wa juu. Hivyo ndivyo jaribio lenye udhibiti lifanyavyo kazi: unaulizwa mlango mmoja baada ya mwingine, na milango mingine yote ikiwa imefungwa.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao kwa pamoja katika jarida la Physics Education. Mpemba wakati huo alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo kilicho karibu na Moshi. Jambo lile likaja kujulikana duniani kama athari ya Mpemba.

Je, suala limekwisha? La. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza iliandaa shindano la kulifafanua na kupokea majibu yapatayo 22,000. Mwaka 2016 Burridge na Linden walichapisha utafiti uliosema hawakupata ushahidi wa kuridhisha wa athari hiyo katika maji, wakaonyesha kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu kunaweza kuleta matokeo ya udanganyifu. Mwaka 2020 watafiti nchini Kanada walionyesha athari inayofanana nayo, si katika maji, bali katika chembe ndogo sana walizoweza kuzidhibiti. Baadhi ya wanafunzi wangu huhuzunika wakisikia habari ya mwaka 2016, kana kwamba Mpemba amenyang'anywa tuzo. Mimi sioni hivyo. Swali linalowashughulisha wataalamu kwa zaidi ya nusu karne halikuwa swali la mtu aliyechanganyikiwa.

Mfano wa nyumbani

Pengine msomaji atasema kwamba hayo ni mambo ya maji na jokofu, na watu si maji. Tuutazame mfano wa Rwanda. Mwaka 2006 nchi yetu ilikuwa ikieneza mpango wa kuvilipa vituo vya afya kulingana na kazi vilivyofanya. Vituo 166 vilitumika katika utafiti. Kwa mgawanyo wa bahati nasibu uliofanywa katika ngazi ya wilaya, vituo 80 vilianza kulipwa kwa utaratibu mpya mwaka huo, na 86 viliendelea na bajeti ya kawaida kwa miezi 23. Hivi vya pili ndivyo kundi dhibiti.

Lakini kulikuwa na hatari. Vituo vya kundi la kwanza vingepata fedha zaidi, na mtu angeuliza kama kilicholeta mabadiliko ni utaratibu wa malipo au ni wingi wa fedha. Kwa hiyo bajeti za kundi dhibiti ziliongezwa kwa kiwango cha wastani wa malipo ya lile kundi jingine. Fedha zikalingana, ikabaki tofauti moja tu, yaani namna ya kulipa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 katika jarida la Lancet, mwandishi wa kwanza akiwa Mnyarwanda Paulin Basinga, yalionyesha kwamba akina mama waliojifungulia vituoni waliongezeka kwa asilimia 23. Chanjo kamili za watoto hazikuongezeka, wala idadi ya waliotimiza mahudhurio manne ya kliniki ya wajawazito. Watafiti waliandika yote mawili, yaliyotimia na yasiyotimia.

Kalamu na karamu

Sasa nikiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja alinijia na wazo. Sote tunajua taabu ya wazungumzaji wa Kinyarwanda katika kutofautisha /l/ na /r/ wanapojifunza Kiswahili: kalamu inageuka karamu, mahali panakuwa mahari, na kula kunakuwa kura. Aliamini kwamba wanafunzi wakisikilizishwa jozi za maneno kama hayo kila siku kwa dakika kumi, kosa litapungua kuliko kwa imla ya kawaida. Nilimjibu kwamba taabu hiyo inatokana na lugha mama na haitibiwi kwa dakika kumi. Darasa lilicheka. Yeye alikaa, na hakuuliza tena muhula ule.

Sikujua kama alikuwa amekosea. Hadi leo sijui, kwa kuwa sikumruhusu ajaribu. Na kujaribu kusingekuwa kazi kubwa. Tungechukua wanafunzi 40, tukawapima wote kwanza, tukawagawa kwa kura katika makundi mawili. Mwalimu awe mmoja, saa zilingane, mtihani uwe mmoja, na msahihishaji asijue karatasi ni ya kundi gani. Kundi moja lipate jozi za maneno, lingine imla. Baada ya wiki nane tungewapima tena. Kama tofauti isingeonekana, tungekuwa tumejifunza jambo. Kama ingeonekana, tungekuwa na njia ya kufundishia iliyozaliwa katika darasa letu wenyewe.

Hitimisho

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, nasi walimu wake tunatarajiwa kutoa mbinu, si kuazima tu. Mbinu hizo zitatoka katika maswali ya wanafunzi, na mengi yatafika yakiwa tete, yamevaa nguo za jikoni. Kazi yetu si kuyakubali yote. Mengi yatashindwa, na yashindwe. Kazi yetu ni kumwuliza mwenye swali: utabadilisha nini, utashikilia nini, utapima nini, na ni matokeo gani yatakayokuonyesha kwamba umekosea? Osborne hakumwambia Mpemba kwamba amesema kweli. Alimwambia kwamba atajaribu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nasi walimu tuna wajibu wa kuongeza kwamba kumcheka aulizaye ndio ujinga wenyewe.