Bendera za Kupanga

Tarehe 8 Agosti 1905, mjini The Hague, waamuzi watatu kutoka Austria, Marekani na Uholanzi walitoa hukumu kuhusu majahazi ya Sur, bandari ya Oman ambayo watu wa Lamu, Mombasa na Unguja waliifahamu kuliko walivyoifahamu The Hague. Waliokuwa wakishtakiana ni Uingereza na Ufaransa. Wenye majahazi wa Sur, raia wa Sultani wa Muscat, walikuwa wamejipatia hati za Kifaransa huko Obock, koloni la Ufaransa, na kwingineko, wakawa wanashuka na kaskazi hadi pwani yetu na kurudi na kusi wakiwa na bendera ya rangi tatu mlingotini. Si kwamba waliipenda Paris. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikipekua majahazi kutafuta watumwa, na Ufaransa ilikataa katakata chombo chenye bendera yake kipekuliwe na Mwingereza. Mwenye bendera hiyo alipita. Wapo waliopitisha tende na boriti, wapo waliopitisha watu.

Waamuzi walisema hivi: tangu 2 Januari 1892, Ufaransa iliporidhia Mkataba wa Brussels dhidi ya biashara ya watumwa, haikuwa na haki tena ya kuwapa raia wa Muscat bendera yake, isipokuwa wale waliothibitika kuwa chini ya ulinzi wake kabla ya 1863. Waliopewa kabla ya 1892 waliachiwa. Lakini kulikuwa na sharti dogo ambalo mimi naliona ndilo lenye maisha marefu zaidi kuliko kesi yenyewe: ruhusa hiyo haihamishwi kwa mtu mwingine wala kwa jahazi lingine, hata kama majahazi yote mawili ni ya tajiri mmoja. Kwa hiyo mtu wa Sur angeweza kuwa na jahazi moja la Kifaransa na mawili ya Sultani, yote yamefunga gati moja, na kila moja likiwa na mkubwa wake wa kumridhisha.

Hapo ndipo kazi ya kuendesha meli zenye bendera mbalimbali inapoanzia kwa sisi wa Bahari ya Hindi. Vitabu vingi vya Ulaya na Marekani huianzishia Panama, na ni kweli kwamba Panama ndiyo iliyoifanya kuwa biashara ya serikali. Mwaka 1919 ilisajili meli ya kwanza ya kigeni, Belen Quezada. Mwaka 1922 zikafuata meli mbili za abiria za Kimarekani, Reliance na Resolute, ambazo wenyewe walizihamisha kwa sababu isiyo na siri: sheria ya Marekani ya wakati ule ilipiga marufuku pombe, na abiria walitaka kunywa. Wenye meli za mizigo hawakuwa na haja ya baa. Walichokiona ni kwamba chini ya bendera hiyo wangelipa kodi ndogo na kuajiri mabaharia wa nchi yoyote kwa mshahara wa nchi hiyo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja Liberia. Edward Stettinius, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, ndiye aliyekuwa nyuma ya sajili iliyofunguliwa mwaka 1948, na meli ya kwanza, World Peace ya Mgiriki Stavros Niarchos, iliingia Machi 1949. Shughuli zenyewe ziliendeshwa kutoka Marekani, na mpaka leo ziko Virginia. Kufikia 1967 Liberia ilikuwa imeipita Uingereza kwa tani za meli. Nchi ndogo ya Afrika Magharibi ilikuwa, kwa karatasi, dola kubwa kuliko zote baharini.

Mwaka huohuo Torrey Canyon ilipanda mwamba karibu na visiwa vya Scilly na kumwaga mafuta ghafi kwenye fukwe za Uingereza na Ufaransa. Hati zake zilisema Liberia, kampuni iliyoimiliki ilikuwa na anwani Bermuda, waliokuwa wameikodi walikuwa Wamarekani, mafuta yalikuwa yakisafirishwa kwa ajili ya BP, na mabaharia walikuwa Waitaliano. Waliotaka fidia walianza kuuliza swali ambalo bado linaulizwa: nani anajibu? Mikataba ya bahari, ule wa 1958 na ule wa 1982, inataka pawe na uhusiano wa kweli kati ya meli na nchi ya bendera yake, lakini haikusema uhusiano huo upimwe vipi. Umoja wa Mataifa ulijaribu kuupima katika mkataba wa 1986, na mkataba huo haujaanza kutumika hata leo.

Huku kwetu tulijaribu njia nyingine. Mwaka 1966 Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia, mbili kati yake hazina pwani, zilianzisha shirika la pamoja la meli, Eastern African National Shipping Line, ili kahawa na shaba zisitegemee viwango vya nauli vilivyopangwa London. Mwaka 1967 Tanzania na China zikaunda shirika lao la meli, Sinotaship. Shirika la nchi nne lilivunjwa mwaka 1980, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa imekwisha kuvunjika miaka mitatu kabla. La Tanzania na China lilidumu. Pengine ni rahisi zaidi kwa serikali mbili kukubaliana kuliko nne, ingawa ninashuku kuwa ukubwa wa hazina ya mmoja wa wabia ulisaidia pia.

Kwa mwenye meli binafsi, kuachana na bendera ya nyumbani kulileta tatizo ambalo hakulitarajia. Ofisi yake ya Hamburg au Piraeus iliwajua mabaharia wake, chelezo chake na wakaguzi wake. Sasa meli zake zilikuwa na sheria za nchi ambazo hajawahi kukanyaga, na mabaharia kutoka Manila, Mumbai na Odesa. Ndipo zikastawi kampuni za usimamizi: Denholm ya Glasgow, Wallem ya Hong Kong, V.Ships ya Monaco, Columbia ya Limassol. Hazimiliki meli zinazozisimamia. Zinalipwa ada ya mwaka kwa kuajiri, kununua vipuri, kufuatilia bima na kupeleka meli chelezoni. Mwaka 1988 chama cha kimataifa cha wenye meli, BIMCO, kilitoa mkataba wa kuigwa, uitwao Shipman. Matoleo yake ya baadaye yanaweka kikomo: msimamizi akizembea, kwa kawaida hatalipa zaidi ya mara kumi ya ada yake ya mwaka. Mwenye meli ya mamilioni ya dola amempa funguo mtu ambaye deni lake limekwisha kupimwa.

Hebu tuingie ofisini humo. Msimamizi ana meli sita: mbili za kontena zenye bendera ya Liberia, mbili za nafaka za Panama, moja ya mafuta ya Visiwa vya Marshall, moja ndogo ya Kupro. Kila cheti kina siku yake ya kuzaliwa, na ukaguzi wa kila mwaka unapaswa kufanyika kati ya miezi mitatu kabla ya siku hiyo na miezi mitatu baada yake. Injinia wa pili, Mfilipino, ana cheti cha Manila, lakini ili ahudumu kwenye meli ya Liberia anahitaji hati ya Liberia inayokitambua cheti hicho. Akihamishiwa meli ya Panama, ya tajiri yuleyule, anahitaji ya Panama. Anaruhusiwa kusubiri hati hiyo akiwa kazini kwa miezi mitatu, basi. Hata kampuni yenyewe, iliyokaguliwa mfumo wake wa usalama mara moja, hupewa hati tofauti kwa kila bendera inayoisimamia. Lile sharti la 1905 la karatasi kutohama na tajiri lingali hai kwenye makabati ya Limassol.

Mfumo huo wa usalama una asili yake. Tarehe 6 Machi 1987 feri Herald of Free Enterprise ilipinduka nje ya Zeebrugge, ikaua watu 193, kwa sababu ilitoka bandarini milango ya mbele ikiwa wazi. Bendera yake ilikuwa ya Uingereza, inayoheshimika popote. Manahodha walikuwa wameomba taa ya kuwaonyesha kama milango imefungwa, ofisi ikawapuuza. Ndiyo maana kanuni za Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) zilizoanza kutekelezwa mwaka 1998 zinataka kila kampuni iwe na mtu wa nchi kavu mwenye haki ya kumwona mkuu kabisa wa kampuni kuhusu usalama. Wanaoamini kwamba shida yote ni bendera za bei rahisi wangefaa kuikumbuka feri hiyo.

Hata hivyo, bendera rahisi zina visa vyake. Rhosus, yenye bendera ya Moldova, iliondoka Batumi mwaka 2013 na tani 2,750 za amonia naitreti zilizonunuliwa na kiwanda cha baruti cha Msumbiji. Ilikuwa ishushe Beira. Ilikwama Beirut kwa madeni, nahodha na wenzake watatu wakazuiliwa ndani yake karibu mwaka mzima, na aliyejulikana kama mwenye meli hakuonekana. Shehena ikahifadhiwa ghalani hadi tarehe 4 Agosti 2020, ilipolipuka na kuua zaidi ya watu 200. Waandishi wa uchunguzi walipofuata nyaraka walifika kwa mmiliki mwingine kabisa, nyuma ya kampuni ya Panama.

Tanzania nayo iliingia soko hilo, kupitia sajili ya kimataifa ya Zanzibar. Mwaka 2012 iligundulika kwamba meli za mafuta za Iran, zikikwepa vikwazo, zilikuwa zimepata bendera yetu kupitia wakala wa Dubai, na serikali ikalazimika kuzifuta meli 36. Mwishoni mwa 2017 Kaluba ilikamatwa karibu na Jamhuri ya Dominika na zaidi ya tani moja na nusu ya kokeini, na Januari 2018 Andromeda ikashikwa Ugiriki na vifaa vya milipuko. Rais Magufuli alisimamisha usajili wa meli za kigeni na kuamuru meli 470 zichunguzwe. Ada ya usajili ilikuwa imeingia hazina, na jina la nchi likaingia mahakama za watu.

Leo, tangu vita vya Ukraine vianze, mamia ya meli kuukuu za mafuta zinabadilisha bendera kila mara, na nyingine zinapeperusha bendera za sajili ambazo nchi husika inazikana. Mkataba wa Kazi za Baharini unataka, tangu Januari 2017, cheti cha dhamana kibandikwe mahali pa wazi melini: mwenye meli akiwatelekeza mabaharia, bima italipa chakula, nauli ya kurudi nyumbani na mishahara hadi ya miezi minne. Kijana wa Tanga au Mombasa akipata kazi ya meli, cheti hicho kina jina la bima, anwani yake na tarehe ya mwisho. Katika baadhi ya meli hizo kuukuu, jina hilo ni la kampuni ambayo hakuna msimamizi wa bima yeyote aliyeipa leseni.