Kigoma Siyo Mwisho wa Reli

"Kigoma, mwisho wa reli." Msemo huu tumekua nao, na mara nyingi husemwa kwa mzaha, kana kwamba huko ndiko nchi inakoishia. Hebu tuuangalie vizuri.

Kwa miaka mingi wasafiri wa begi mgongoni, hasa vijana wa Kizungu waliotokea kusini mwa Afrika, walikuwa na njia yao ya kumalizia safari. Basi hadi Mpulungu, Zambia. Meli ya Liemba katika Ziwa Tanganyika hadi Kigoma. Treni hadi Dar. Halafu boti ya Unguja, mfukoni zikiwa zimebaki senti za mwisho. Kwao Kigoma haikuwa mwisho wa kitu chochote. Ilikuwa mahali pa kubadilisha usafiri.

Kihistoria, wao ndio waliokuwa sahihi.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ni zaidi ya kilomita 1,200, kwa sehemu kubwa katika njia ya misafara ambayo wapagazi waliikanyaga kwa miguu kati ya pwani na Ujiji. Sasa jiulize: nani atajenga reli ndefu hivyo ili iishie ufukweni? Walichokitaka ni ziwa, na biashara ya Kongo iliyoko ng'ambo.

Ndiyo maana wakaagiza na meli. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar na kwa reli hadi Kigoma. Iliposhushwa majini Februari 1915, vita vilikuwa vimeshaanza, ikafungwa mizinga. Jina lake? Graf von Götzen, yule gavana ambaye Vita vya Majimaji vya 1905 vilimkuta madarakani, na askari wake wakajibu kwa kuchoma vijiji na mashamba.

Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili adui asiipate, ila kwanza wakaipaka mitambo grisi. Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba.

Watalii waliiandika sana meli hii, lakini haikuishi kwa ajili yao. Iliishi kwa dagaa, mahindi na mananasi, na kwa watu wa vijiji visivyo na gati, ambako mitumbwi ilikuwa ikiifuata meli katikati ya maji. Mwaka 2015 iliwavusha maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma.

Miaka ya karibuni Liemba ilikaa muda mrefu bila kusafiri, ikisubiri matengenezo. Watalii walipanda basi lingine, safari ikaendelea. Watu wa mwambao je?

Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma mwaka 2024, na mpango ni reli hiyo mpya ifike Kigoma. Vizuri sana. Lakini mkoloni, pamoja na ubaya wake wote, alijua kwamba reli bila meli ni nusu ya njia. Sisi tukijenga reli tukaisahau meli, msemo wetu wa mzaha utakuwa kweli, na tutakuwa tumeufanya kweli wenyewe.

Au nyie mnaonaje?