Venezia za Kuuza: Historia ya Kunakili Picha za Miji

Picha ya mji iliyochorwa kwa rangi ya mafuta ilikuwa na nakala zake tangu ilipoanza kuwa biashara, na biashara hiyo ilikomaa Venezia katika karne ya 18. Wanunuzi wakubwa walikuwa vijana wa koo tajiri za Uingereza, waliotumwa kuzunguka Ulaya ili wajifunze lugha, sanaa na adabu za mataifa mengine. Kila aliyefika Venezia alitaka kurudi kwao na picha ya Uwanja wa Mtakatifu Marko, au ya Mfereji Mkuu, au ya sikukuu ya Kupaa Bwana, siku ambayo mtawala wa mji alipanda jahazi lililopakwa dhahabu kwenda kufunga ndoa na bahari. Mandhari zilizopendwa zilikuwa chache na waliozitaka walikuwa wengi. Mchoraji alilazimika kurudia.

Luca Carlevarijs alikuwa ameandaa njia. Mwaka 1703 alitoa mkusanyo wa chapa zaidi ya 100 za majengo na viwanja vya Venezia, ukawa hazina ya mandhari ambayo wachoraji wengine walichota humo kwa miaka mingi. Lakini aliyeifanya kazi hii ijulikane Ulaya nzima ni Giovanni Antonio Canal, aliyezaliwa mwaka 1697 na kuitwa Canaletto, yaani Canal mdogo. Baba yake alichora mandhari za jukwaa la tamthilia, na huko ndiko kijana alikojifunza kupanga nguzo, matao na umbali vidanganye jicho.

Wakala wa Canaletto alikuwa Joseph Smith, mfanyabiashara Mwingereza aliyeishi Venezia na baadaye kuwa konsuli wa nchi yake. Smith alipokea maagizo, akasimamia malipo, akasafirisha picha, na kwake mwenyewe akajilimbikizia nyingi. Alijua pia kwamba mteja hununua upesi anapoona sampuli. Mwaka 1735 Antonio Visentini alichonga mabamba ya shaba 14 kutokana na picha za Canaletto zilizokuwa mikononi mwa Smith. Toleo la mwaka 1742 likafikisha 38. Kwa Smith chapa hizo zilikuwa tangazo. Kwa wachoraji wengine zilikuwa kielelezo: mtu aliyekuwa mbali na Venezia, ambaye hajawahi kuona hata gondola, aliweza kuchora Mfereji Mkuu kwa kufuata karatasi. Kwa kuwa chapa haina rangi, mbingu na maji aliyabuni mwenyewe, na mara nyingi hapo ndipo nakala ya namna hiyo inapojulikana.

Ndani ya karakana ya Canaletto, kurudia picha kulikuwa na utaratibu wake. Michoro ya kalamu iliyofanyika mahali penyewe ilihifadhiwa kwenye daftari, na moja ya madaftari hayo limebaki hadi leo katika jumba la Accademia mjini Venezia. Mchoro uleule uliweza kuzaa picha kadhaa kwa ukubwa tofauti. Kitambaa kilipakwa kwanza rangi ya msingi. Mistari ya majengo ilipigwa kwa rula na matao kwa bikari, wakati mwingine kwa ncha kali iliyoacha mfuo ndani ya rangi mbichi. Mifuo hiyo bado inaonekana. Watu, mbwa na mashua vilikuja mwisho, juu ya majengo yaliyokwisha kukauka. Hizo ndizo sehemu zilizobadilishwa kutoka picha moja hadi nyingine, hivyo kila mnunuzi akapata Venezia yake, ingawa kuta zilikuwa zilezile za jirani.

Vita vya urithi wa Austria, vilivyoanza mwaka 1740, viliwazuia wasafiri. Mwaka 1746 Canaletto akawafuata wateja wake London. Huko aliishi karibu miaka kumi, na huko ndiko alikoonja matunda machungu ya biashara hii: kufikia mwaka 1749 uvumi ulikuwa umeenea kwamba yeye si Canaletto halisi. Ilimbidi atangaze kwamba wanaotaka waje kwake waione picha yake. Huenda hilo linaonyesha jinsi nakala zilivyokuwa zimezagaa. Smith naye, mwaka 1762, aliuza mikusanyo yake kwa Mfalme George III kwa pauni 20,000, ikiwemo picha za Canaletto zipatazo 50.

Mpwa wa Canaletto, Bernardo Bellotto, alijifunza katika karakana hiyo kwa kunakili kazi za mjomba, kiasi kwamba wataalamu bado wanabishana juu ya baadhi ya picha za miaka hiyo. Mwaka 1747 alikwenda Dresden, akamchorea mtawala wa Saxony mandhari kubwa za mji, kisha akazirudia kwa mkono wake kwa ajili ya waziri wa mtawala huyo, Heinrich von Brühl. Baadaye alihamia Warszawa, akamfanyia kazi mfalme wa Poland hadi alipofariki mwaka 1780. Alitumia pia jina la Canaletto, na Poland bado wanamwita hivyo.

Picha zake za Warszawa zilipata kazi ambayo hakuna aliyeitarajia. Mwaka 1944 majeshi ya Ujerumani yaliubomoa mji. Zaidi ya asilimia 85 ya Mji Mkongwe iliangamia. Wasanifu walipoujenga upya walitumia vipimo na michoro ya majengo iliyonusurika, na pamoja nayo picha za Bellotto. Zamani mchoraji alinakili mji. Sasa mafundi waashi walikuwa wakiinakili picha kwa matofali. Bellotto alizoea kurekebisha hiki na kile ili picha ipendeze, kwa hiyo baadhi ya mapambo yake yakaingia kwenye kuta. Mwaka 1980 Mji Mkongwe huo uliandikwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Kunakili kwa ajili ya mafunzo nako kuliendelea. Jumba la Louvre mjini Paris, lililofunguliwa mwaka 1793, limekuwa likiwapokea wanakili tangu hapo, kwa sharti kwamba nakala isilingane kwa ukubwa na picha ya asili, ili isije ikauzwa kama yenyewe.

Soko kubwa la nakala leo limehamia China. Mwaka 1989 mfanyabiashara Huang Jiang alifika Dafen, kijiji cha Shenzhen, akiwa na wachoraji wachache. Palikua hadi kuwa na wachoraji maelfu. Kwa maagizo makubwa kazi hugawanywa: mmoja huchora anga kwenye vitambaa vingi, mwingine humfuata na majengo. Kielelezo siku hizi ni picha iliyochapwa kutoka kompyuta, iliyobandikwa kando ya kitambaa mahali ambapo zamani ingekaa chapa ya Visentini.